Kaka aliniambia diski imekwaruzika

Juni 2011 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni mkoani Kilimanjaro. Nilirudi likizo nyumbani Tabata, Dar es Salaam, nikiwa na begi la madaftari na hamu moja tu moyoni: kumaliza msimu wa tatu wa tamthilia ya Marekani iitwayo One Tree Hill.

Diski zilikuwa za kaka. Wanaokumbuka DVD za Kariakoo za miaka ile wanajua ninachosema. Diski moja ilibeba msimu mzima, picha ilikuwa na ukungu, na maandishi ya chini mara nyingi yalisema jambo ambalo mwigizaji hakulisema.

Tulitazama usiku, baada ya mama kwenda kulala. Siku hizo alikuwa akilala saa mbili. Mama ninayemfahamu ndiye aliyekuwa akifunga mlango wa mwisho na kuamka wa kwanza, lakini niliambiwa kazi zimemchosha. Baba alishafariki nikiwa darasa la tatu, kwa hiyo kaka, aliyekuwa na miaka 24 na ameanza kazi, ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba.

Kuna mhusika mmoja, mwanamke wa makamo aitwaye Ellie. Kila alipotokea, kaka alichukua rimoti na kuruka mbele.

“Mbona unaruka?” nilimuuliza.

“Diski imekwaruzika, mdogo wangu. Ikifika hapo inaganda.”

Nilimwamini. Kabla sijarudi shule alinichomea CD ya nyimbo za tamthilia hiyo na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: “Za Tree Hill.” Nilizipenda nyimbo zile kuliko hadithi yenyewe. Ilinichukua miaka mitano kujua nilichokuwa nasikiliza.

Nyimbo za bendi ndogo

Kwa msomaji ambaye hakupitia huko, niseme kidogo kuhusu muziki huu, kwa sababu bila huo kisa hiki hakina maana.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, tamthilia za Marekani zinazohusu vijana wa sekondari zilianza kutumia nyimbo za bendi ambazo redio kubwa hazikuzipiga. Ni ile roki inayoitwa indie: bendi za marafiki wanne au watano, gitaa, sauti isiyopambwa sana, na mara nyingi kampuni ndogo ya kurekodi nyuma yao. Nyimbo hizo zilikaa chini ya matukio ya kuachana, kufiwa au kugombana na wazazi. Baadaye zilikusanywa na kuuzwa kama albamu.

Haikuwa mara ya kwanza. Dawson’s Creek, iliyoanza kuonyeshwa 1998, ilitoa albamu yake 1999 na nyingine 2000. Lakini iliyofanya jambo hili kuwa desturi ni The O.C., iliyoanza Agosti 2003 na kumalizika Februari 2007. Inahusu familia za kitajiri za Newport Beach, California, na kijana maskini anayechukuliwa kulelewa na mojawapo.

Mtunzi wake, Josh Schwartz, alikuwa na miaka 26 tu tamthilia ilipoanza. Aliyechagua nyimbo ni Alexandra Patsavas, ambaye wengi mmesikia kazi yake bila kumjua, maana ndiye pia aliyechagua nyimbo za Grey’s Anatomy na za filamu za Twilight.

The O.C. ilitoa albamu 6 kati ya 2004 na 2006, zikaitwa Mix 1 hadi Mix 6. Ya tatu ilikuwa ya sikukuu, kwa sababu mhusika Seth Cohen ana baba Myahudi na mama Mkristo, naye akabuni sikukuu yake ya kuchanganya zote mbili. Ya sita ilikuwa na nyimbo za kurudia tu, bendi moja ikiimba wimbo wa nyingine.

Seth ni kijana mpole asiye na marafiki, anayeipenda bendi ya Death Cab for Cutie kama sisi tulivyopenda timu za mpira. Anaitaja mara kwa mara. Bendi hiyo ya jimbo la Washington ilikuwa bado chini ya kampuni ndogo. Kufikia 2005 ilikuwa imesainiwa na kampuni kubwa ya Atlantic, na ilishapanda jukwaani ndani ya tamthilia yenyewe, kwenye ukumbi wa kubuni uitwao Bait Shop, ambako The Killers na Modest Mouse nao walipiga.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Youth Group, bendi ya Australia. Iliimba upya Forever Young, wimbo wa Wajerumani Alphaville wa mwaka 1984. Tamthilia ikautumia, ukaingia Mix 5, na 2006 ukashika namba moja kwao Australia.

Si wote waliofurahi. Wapo mashabiki wa zamani waliosema muziki wao umeuzwa kwa watoto wa matajiri wa California. Mimi wa Tabata nisingeweza kuusikia kwa njia nyingine. Redio zetu zilipiga Bongo Fleva, taarabu, dansi na injili, na nilizipenda zote. Lakini hakuna aliyekuwa akipiga wimbo wa kijana asiyejua anachokihisi, akiimba polepole kana kwamba anaongea peke yake. Nikiwa na miaka 14, hilo nililihitaji.

Albamu ya Peyton na mama yake

One Tree Hill nayo ilianza 2003, ikadumu misimu 9 hadi 2012. Hadithi yake iko North Carolina. Peyton Sawyer ni msichana anayechora, anayekusanya rekodi, na anayeandaa usiku wa muziki kwa vijana katika klabu ya mji wao. Mama aliyemlea alifariki kwa ajali ya gari.

Mwishoni mwa 2016, nikiwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, niliitoa ile CD ya kaka nikahamishia nyimbo zake kwenye simu. Nilitaka kujua majina ya waimbaji, kwa hiyo nikaingia mtandaoni kuitafuta albamu. Nikaipata. Inaitwa Friends with Benefit, ilitoka Februari 2006, na ni ya pili kutoka tamthilia hiyo.

Nikasoma kwa nini ilitengenezwa. Ellie, yule mwanamke wa diski iliyokwaruzika, ndiye mama aliyemzaa Peyton. Anakuja kwanza akijifanya mwandishi wa habari za muziki, kisha anasema ukweli: yeye ni mama yake, na ana saratani ya matiti. Mama na binti wanaamua kutengeneza albamu ya kuchangia mapambano dhidi ya ugonjwa huo. Ellie anafariki. Albamu ikatoka kweli madukani, na sehemu ya mapato yake ikaelekezwa kwenye saratani ya matiti, kama kwenye hadithi.

Nilisoma hayo nikiwa nimekaa kitandani hosteli. Nikayarudia mara ya pili. Kisha nikakumbuka kilemba.

Mama hakuwa mtu wa vilemba. Likizo ile ya 2011 alivaa kilemba asubuhi, mchana na usiku, hata akiwa jikoni. Shangazi alikuwa amehamia kwetu kutoka Tanga bila sababu iliyotajwa. Kaka alikuwa akiosha vyombo, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu.

Nilimpigia kaka usiku uleule. Nilimuuliza swali moja tu: “Ile diski ilikuwa imekwaruzika kweli?”

Alinyamaza muda mrefu. Akasema, “Njoo nyumbani Jumamosi.”

Walichonificha

Mama aligunduliwa na saratani ya matiti Machi 2011. Alifanyiwa upasuaji wa kuondoa titi moja, kisha akaendelea na matibabu ya dawa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Nilipokuja likizo alikuwa katikati ya dawa hizo, nywele zimekwisha. Walikaa kikao, mama, kaka na shangazi, wakakubaliana nisiambiwe. Novemba nilikuwa na mtihani wa taifa wa kidato cha pili.

“Ungefanya nini, mwanangu?” mama aliniambia Jumamosi ile. “Ungelia tu kule shuleni, na mimi nisingekuwepo kukubembeleza.”

Sikuwa na jibu. Lakini kuna jambo ambalo wao hawakulijua, na nikawaambia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mtoto huona. Niliona kilemba, niliona mama amekonda, niliona watu wazima wakinyamaza nikiingia sebuleni. Kwa kuwa hakuna aliyeniambia, nilijijibu mwenyewe. Niliamini mama ana Ukimwi, na kwamba wote wanaona aibu kuniambia. Nilirudi shule na siri hiyo, nikailalia usiku kwa miezi mitano. Kwenye mitihani ya ndani nilishuka kutoka nafasi ya 5 hadi ya 37. Mtihani waliokuwa wakiulinda nusura unishinde.

Mama alilia. Kaka alitoka nje. Alipofika mlangoni alisema kitu ambacho sijakisahau: “Nilishindwa kukuambia kwa mdomo, ndiyo maana nikakuchomea zile nyimbo.”

Nilimkasirikia kwa miezi kadhaa kwa sentensi hiyo. Nyimbo si taarifa. Hakuna mtoto anayeweza kujua kwamba mama yake ni mgonjwa kwa kusikiliza gitaa. Leo naielewa zaidi. Alikuwa kijana wa miaka 24, hana baba, akimpeleka mama hospitali na kurudi kumpikia mdogo wake ugali. Alichokuwa nacho ni CD tupu na kalamu ya wino mzito.

Mama anaendelea vizuri. Mwaka huu ametimiza miaka 14 tangu upasuaji, na bado huenda kliniki kwa uchunguzi.

Safari hii ni kaka

Ningeweza kuishia hapo, lakini naandika haya kwa sababu ya kilichotokea Februari mwaka huu.

Kaka, ambaye sasa ana miaka 38, alianza kuvimba miguu na kuumwa kichwa kila asubuhi. Alidhani ni malaria, akanywa dawa za duka. Alipofika hospitali presha ilikuwa juu sana, na vipimo vilionyesha figo zake zimeharibika kiasi cha kushindwa kuchuja damu. Presha huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, huku ikiumiza mishipa midogo ya figo. Mimi ninayeandika habari za afya kila wiki sikuwahi kumuuliza kaka yangu wa kuzaliwa kama amepima presha.

Sasa anasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara.

Alinipigia simu kunieleza. Mwishoni akashusha sauti: “Mtoto usimwambie. Ana mitihani.”

Binti yake ana miaka 11, yuko darasa la tano. Alikuwa ameambiwa kwamba baba ana mikutano ya kazi siku hizo tatu.

Sikumhubiria. Nilimuuliza tu, “Kaka, diski imekwaruzika tena?”

Alicheka kidogo, kisha nikasikia analia. Sijawahi kumsikia kaka yangu akilia, hata baba alipofariki.

Jioni iliyofuata yeye na wifi walikaa na mtoto mezani, nami nikiwepo kwa sababu waliniomba. Kaka alitaja ugonjwa kwa jina. Alimwonyesha mkono wenye bandeji. Alimweleza mashine inafanya nini, kwa maneno ya kawaida: figo zimechoka kuchuja uchafu, mashine inazisaidia.

Mtoto alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Mimi nilidhani una nyumba nyingine, unataka kutuacha.”

Wifi aliinamisha kichwa mezani. Binti wa miaka 11 alikuwa amebeba hilo peke yake kwa wiki sita.

Unamwambiaje mtoto

Tangu siku hiyo nimezungumza na wauguzi, madaktari na washauri nasaha ninaokutana nao kazini, na nimejipima kwa yaliyonipata mimi. Haya ndiyo ninayoweza kumpa msomaji aliye katika hali kama yetu.

Taja ugonjwa kwa jina lake. “Baba anaumwa kidogo” humfanya mtoto aogope hata mafua.

Mwambie kwamba si kosa lake. Watoto wengi hudhani utundu wao, au jambo baya waliloliwaza, ndilo lililoleta ugonjwa.

Kama ugonjwa hauambukizi, sema hivyo wazi, ili asiogope kukumbatia au kula sahani moja na mgonjwa.

Mweleze nini kitabadilika nyumbani: nani atampeleka shule, nani atampikia, baba atakuwa wapi siku gani. Mtoto hutulia akijua kesho itakuwaje.

Usiahidi usichoweza kukitimiza. Akiuliza, “Baba atakufa?” unaweza kusema, “Madaktari wanafanya kila wanaloweza, na kukiwa na jambo jipya tutakuambia.” Kisha timiza hiyo ahadi ya pili.

Na mwache aulize leo, kesho na wiki ijayo. Jambo hili halimalizwi kwa kikao kimoja. Mitihani pia isiwe kisingizio, maana mtoto wa bweni mwenye hofu moyoni hasomi hata ukimficha.

Siwalaumu wazazi wetu. Walilelewa wakijua kwamba mambo ya wakubwa hayasemwi mbele ya watoto, na kwamba kimya ni namna ya kumpenda mtu. Lakini kimya hicho mtoto hukijaza mwenyewe, na anachokiweka mara nyingi ni kibaya kuliko ukweli.

Saa nne na nyimbo sitini

Wimbo mmoja wa albamu ya Friends with Benefit unaitwa The Mixed Tape, wa Jack’s Mannequin. Unahusu mtu anayempangia mwenzake nyimbo kwenye kaseti. Mwimbaji wake, Andrew McMahon, aligunduliwa na saratani ya damu 2005, akiwa na miaka 22. Agosti 23 mwaka huo, siku ileile albamu ya bendi yake ilipoingia sokoni, alipandikizwa seli shina zilizotolewa na dada yake. Alipona, na hadi leo anaimba.

Niliisikiliza CD ya kaka miaka mingi bila kujua kwamba ndani yake kuna kaka mwingine aliyeokolewa na dada yake. Nilipolijua nilikaa kimya kwa muda. Tangu 2017 upandikizaji wa figo hufanyika hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili. Ndugu mwenye afya anaweza kutoa figo moja akabaki na nyingine, iwapo vipimo vitaonyesha zinaendana na yeye mwenyewe yuko salama. Nimeanza vipimo hivyo mwezi uliopita. Mama anajua, wifi anajua, na mtoto anajua. Majibu bado.

Kuhusu mtoto, swali lake la kwanza jioni ile baada ya machozi lilikuwa: “Shangazi, hizo saa nne baba anafanya nini?”

“Anatazama dari,” nilimjibu.

Alichukua simu ya mama yake akaanza kupanga nyimbo. Ameweka Zuchu, ameweka kwaya ya kanisani kwao, na nyimbo za katuni ambazo kaka anasema wauguzi sasa wanazijua kwa moyo. Niliihamishia ile CD ya mwaka 2011 kwenye simu hiyo pia, naye akachagua mbili, nyingine akazikataa kwa kusema zinaleta usingizi. Kaka aliomba Forever Young ya Youth Group, akaruhusiwa.

Mtoto amepiga hesabu kwamba wimbo mmoja ukiwa wa dakika 4, saa 4 zinahitaji nyimbo 60. Hadi Jumapili iliyopita alikuwa amefikisha 42, na ameniomba nimsaidie kutafuta 18 zilizobaki.